Baragumu la Jubilei na Marafiki Waliokosana
Historia fupi katika kuadhimisha miaka 50 ya kwaya yetu



Kamati ya jubilei ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, kila mtu alijua la kuandika. Wa picha walikuwa na picha, wa ratiba walikuwa na ratiba. Sisi tulioachiwa historia ndio tuliokwama. Majina ya walimu wa kwaya tunayo, safari tulizosafiri tunazijua, na kanda tulizorekodi bado ziko kabatini. Lakini vitabu vya kumbukumbu vya kwaya vina miaka minane ambayo haikuandikwa chochote zaidi ya mahudhurio. Tulipowauliza wazee wetu, walitabasamu kidogo na kusema, "Hayo tuyaache."

Tungeyaacha, kama si Neno lenyewe. Walawi 25 inatufundisha kwamba mwaka wa hamsini ulikuwa mtakatifu. Mashamba yalirudi kwa wenyewe, watumwa walirudi kwa jamaa zao, na mwaka huo ulitangazwa kwa baragumu. Mstari wa tisa unataja siku ambayo baragumu lilipigwa. Halikupigwa siku ya karamu. Lilipigwa Siku ya Upatanisho. Watu walipatanishwa kwanza, ndipo sherehe ikafuata.

Basi tuliomba ruhusa kwa wahusika walio hai, nao wakaturuhusu, mradi tusitaje majina. Lakini kabla ya kusimulia yetu, tuanze mbali kidogo, kwa watu ambao nyimbo zao tumeziimba tangu siku ya kwanza. Sisi ni Wamethodisti. Mwaka wa 1862 wamishenari wa kwanza wa Kimethodisti walifika pwani yetu na kuanza kazi Ribe, karibu na Mombasa. Mti walioupanda ulikuwa na mizizi Uingereza, na katika mizizi hiyo kuna urafiki uliovunjika na kuungwa tena.

Marafiki wa Oxford

John Wesley alizaliwa mwaka wa 1703, na mdogo wake Charles mwaka wa 1707. Baba yao alikuwa kasisi. George Whitefield alizaliwa mwaka wa 1714 katika mji wa Gloucester, mtoto wa mama mjane aliyeendesha nyumba ya wageni. Alipokwenda Chuo Kikuu cha Oxford hakuwa na karo, kwa hiyo aliwatumikia wanafunzi matajiri ili apate kusoma. Wengi wetu tuliosomeshwa kwa harambee na kwa jasho la mama tunamwelewa kijana huyo.

Huko Oxford, Charles Wesley alimwona, akamkaribisha chai asubuhi na kumwazima vitabu. Whitefield akaingia katika kikundi cha maombi kilichoongozwa na John. Wanafunzi wengine waliwacheka na kuwaita Wamethodisti, kwa sababu walifanya kila jambo kwa utaratibu na kwa saa yake. Jina hilo la mzaha ndilo tunalojivunia leo.

Mwanafunzi akaja kuwa mwalimu. Mapema mwaka wa 1739 Whitefield alianza kuwahubiria wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, karibu na Bristol, nje kwenye uwanja, kwa kuwa watu hao hawakuwa na kanisa. Maelfu walikuja. Kwa kuwa alipanga kwenda Marekani, alimwita John Wesley aje kuendeleza kazi. John alisita. Aliona kuhubiri nje ya jengo la kanisa ni jambo lisilo na heshima. Hata hivyo, tarehe 2 Aprili 1739 alisimama nje na kuhubiri, na tangu siku hiyo hakuacha hadi uzeeni. Basi mlango ambao Wesley anakumbukwa nao ulifunguliwa na rafiki yake mdogo.

Barua iliyochanwa

Ugomvi haukuchelewa. Whitefield aliamini kwamba Mungu amewateua tangu milele wale watakaookoka. Wesley aliamini kwamba neema imetolewa kwa watu wote, na kila mtu anaweza kuipokea au kuikataa. Wote wawili walisoma Biblia ile ile, na wote wawili walimpenda Kristo.

Katika mwaka huo huo wa 1739 Wesley alihubiri huko Bristol dhidi ya fundisho la uteule. Whitefield alimwandikia akimsihi asilichapishe hubiri hilo, kwa ajili ya amani ya kanisa. Lilichapishwa, na likaambatishwa wimbo mrefu wa kuliunga mkono. Tangu zamani, nyimbo zimetumika pia kurushiana mawe.

Whitefield akiwa Georgia, ambako alianzisha nyumba ya watoto yatima aliyoiita Bethesda, barua zilipita juu ya bahari kwa miezi mingi. Kisha likatokea jambo ambalo sisi wa leo tunalielewa vizuri. Barua ya faragha ambayo Whitefield alimwandikia Wesley ilianguka mikononi mwa watu. Waliichapisha bila ruhusa ya mwandishi wala ya mwandikiwa, wakaigawa mlangoni mwa kanisa la Wesley huko London, tarehe 1 Februari 1741. Siku hizi tungesema mtu alipiga picha ya ujumbe na kuusambaza katika kundi la WhatsApp.

Wesley alisimama mbele ya watu akiwa na nakala mkononi. Alisema atafanya kile anachoamini kwamba Whitefield mwenyewe angefanya kama angekuwepo. Akaichana vipande vipande, na kila aliyekuwa nayo akachana yake. Tumeijadili habari hii katika mazoezi, na hatukukubaliana. Wengine wetu waliona ni kiburi. Wengine waliona ni rafiki anayekataa kusoma hadharani maneno ambayo rafiki yake aliyaandika faraghani.

Siri iliyotolewa nje

Whitefield naye hakubaki bila kosa. Miaka michache nyuma, meli yake ilipokuwa karibu kuondoka kwenda Georgia, Wesley alipiga kura kumwomba Mungu aonyeshe kama rafiki yake aende au asiende. Kura ilisema arudi London. Whitefield hakurudi. Jambo hilo lilibaki siri yao.

Whitefield alipoandika jibu lake refu dhidi ya hubiri la Wesley, aliitoa siri hiyo, ikachapishwa mwaka wa 1741 kila mtu akaisoma. Wapendwa, hapa ndipo urafiki unapovunjika kweli. Watu wawili wanaweza kubishana juu ya mafundisho mwaka mzima na bado wakala pamoja. Lakini ukichukua kile rafiki alichokuambia mkiwa wawili ukakifanya silaha mbele ya watu, umevunja chungu, wala hukumwaga maji tu.

Mwezi wa Machi 1741 walikutana uso kwa uso. Whitefield alimwambia Wesley kwamba wanahubiri injili mbili tofauti, kwa hiyo hawezi kumpa mkono wa ushirika. Waumini wakagawanyika. Kila upande ukawa na nyumba yake ya ibada na watu wa kuchochea moto.

Njia ya kurudi

Ilichukua muda kupona, na kila hatua tunayoweza kuifuatilia ilikuwa ndogo.

Hatua ya kwanza ni barua ya Oktoba 1741. Whitefield alimwandikia Wesley akakiri kwamba pengine kimya chake kinatokana na ile siri ya kura. Alisema anajuta kwamba jambo hilo lilitoka katika kalamu yake, na anaomba msamaha kwa unyenyekevu. Tunaomba tuitazame barua hiyo kwa makini. Hakuomba msamaha kwa kuamini alichoamini. Wala hakuomba ule msamaha wa jumla tunaoupenda, wa kusema kama nilikukosea popote unisamehe. Alilitaja kosa lenyewe kwa jina lake.

Hatua ya pili ni kuonana. Aprili 1742 walikaa pamoja saa nzima, na Wesley akaandika katika shajara yake kwamba anaamini Whitefield ni mkweli katika hamu yake ya kushikana mikono na wote wampendao Bwana Yesu.

Hatua ya tatu ni kazi. Januari 1750 walisimama kanisa moja huko London, mmoja akasoma sala na mwingine akahubiri.

Kati ya hatua hizo kuna habari inayotugusa sana. Oktoba 1749 John na Charles Wesley, ndugu wa tumbo moja, waligombana vikali. John alikuwa amekusudia kumwoa Grace Murray. Charles aliona ndoa hiyo haifai, akaingilia kati, na mama huyo akaolewa na mhubiri mwingine. Ndugu hao walipokutana Leeds, maneno yalikuwa makali kupita kiasi. Aliyekuwa kati yao akilia na kuomba mpaka wakakumbatiana ni George Whitefield. Yule aliyeachana na John kwa barua zilizochapishwa ndiye aliyemrudishia John ndugu yake.

Hawakukubaliana kamwe juu ya uteule. Whitefield alikufa akiuamini, na Wesley alikufa akiupinga. Wakati Wesley alipougua sana mwaka wa 1753, hata akajiandikia maneno ya kaburini, Whitefield alimwandikia barua ya huzuni kubwa, kama mtu anayeagana na nduguye. Lakini Whitefield ndiye aliyetangulia. Alifariki tarehe 30 Septemba 1770 huko Newburyport, Massachusetts, akiwa na miaka 55. Watu wake wa London walikuwa wamemwuliza mara nyingi: ukifia ng'ambo, nani ahubiri ibada yako ya ukumbusho, ni yule rafiki yako wa zamani John Wesley? Kila mara jibu lilikuwa kwamba ni huyo huyo. Basi tarehe 18 Novemba 1770, mzee wa miaka 67 alipanda mimbari ya kanisa la Whitefield na kumzika kwa maneno rafiki aliyewahi kumnyima mkono.

Hatuwezi kuandika haya sisi Waafrika tukanyamazia jambo moja. Whitefield aliunga mkono kuruhusiwa kwa utumwa katika Georgia, ambako mwanzoni ulikuwa umekatazwa, na Bethesda, nyumba ya mayatima, ilitumikiwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Mwaka wa 1774, miaka minne baada ya kumzika rafiki yake, Wesley alitoa kitabu cha kuupinga utumwa waziwazi. Tunajifunza kwamba kupatana na mtu si kusema kwamba kila alilotenda lilikuwa haki. Unaweza kulia kaburini kwa rafiki, na bado ukaita dhambi kwa jina lake.

Wimbo mmoja, mikono mingi

Hapa wanakwaya tusikilize vizuri. Kuna ule wimbo wa Krismasi wa Charles Wesley, wa malaika wanaotangaza kuzaliwa kwa Mfalme. Tumeuimba kila Desemba kwa miaka 50. Charles aliutoa mwaka wa 1739, lakini mstari wake wa kwanza haukuwataja malaika hao hata kidogo. Ulitumia neno la kizamani lenye maana ya mbingu. Aliyeubadilisha na kuwaweka malaika mlangoni mwa wimbo ni George Whitefield, katika kitabu cha nyimbo alichotoa mwaka wa 1753 kwa ajili ya watu wake.

Fikirini hilo. Mwaka wa 1753 makanisa yao yalikuwa bado mbalimbali na mafundisho yao bado yanapingana. Lakini upande wa Whitefield walikuwa wakiimba wimbo wa Wesley, na sisi watoto wa Wesley tunauimba hadi leo kwa maneno ya Whitefield. Sauti tunayoitumia ilikuja baadaye kabisa, kutoka muziki wa Mjerumani Mendelssohn wa karne ya 19.

Yaliyotupata sisi

Sasa turudi nyumbani, kwenye ile miaka minane.

Katika mwaka wa 18 wa kwaya yetu tulirekodi kanda ya kwanza. Furaha yake wazee wanaikumbuka. Kanda ziliuzwa mlangoni mwa kanisa, katika harambee na katika makanisa jirani. Mwalimu wa kwaya na mweka hazina wakati huo walikuwa marafiki tangu shule ya msingi. Waliimba besi bega kwa bega, na mmoja alimsimamia mwenzake siku ya harusi.

Hesabu ya kanda ilipofungwa, pesa zilipungua. Jumapili moja baada ya ibada, mwalimu alisimama na kuisoma hesabu ile mbele ya kwaya nzima, kabla ya kumwuliza rafiki yake hata neno moja. Baadaye ilijulikana kwamba kanda nyingi zilichukuliwa kwa mkopo na makanisa jirani, na hazikuwa zimelipwa. Hakuna aliyekula. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na neno likitoka halirudi. Mweka hazina aliondoka, na waimbaji 11 wakaondoka naye.

Kwa miaka minane watu wawili hao walipishana njia ya sokoni bila kusalimiana. Watoto waliokuwa wakila nyumba zote mbili walijifunza kuzunguka. Baadhi yetu tunaoimba leo tulikuwa watoto wa shule ya Jumapili wakati huo, na tunakumbuka tulivyoonyeshwa benchi za kutokaa. Kwaya iliendelea kuimba juu ya upendo, na besi ilikuwa nyembamba.

Kisha mama yake mweka hazina akafariki. Usiku wa mkesha, mwalimu alikuja bila kualikwa, akaketi nyuma. Wimbo ulipoanzishwa, sauti za chini hazikutosha. Alisikika akiingia, polepole, pale pale alipokuwa akiimba zamani. Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Siku ya pili, baada ya mazishi, aliwaomba waimbaji wa pande zote wabaki. Maneno yake wengi waliyasikia: "Hesabu niliisoma mbele ya watu. Na msamaha nauomba mbele ya watu."

Mweka hazina hakujibu siku hiyo. Alimpa mkono tu, akaingia nyumbani. Alirudi kwaya baada ya miezi saba. Cheo cha mweka hazina alikikataa, akarudi kama mwimbaji wa besi. Na hadi leo, tukiwauliza juu ya kanda za mkopo, mmoja anasema zilipaswa kuandikwa, na mwingine anasema kila mtu alijua. Hawajakubaliana, nao hupanda gari moja kuja mazoezi.

Kutokana na hayo tulipata kanuni ambayo wanakwaya wapya huiona ya ajabu: hesabu ya kwaya haisomwi hadharani mpaka mweka hazina awe ameiona kwanza na kuulizwa faraghani, na watu wawili wameitia sahihi. Ilituchukua miaka minane kuiandika.

Tusiseme kwamba yote yalikwisha vizuri. Katika wale 11, sita walirudi. Watatu walipata makanisa mengine, na tunawashukuru wachungaji waliowalea. Wawili wameshalala, na hatukupatana nao kabla ya siku hiyo. Kwao baragumu letu limechelewa. Tunawakumbuka leo mbele za Mungu, na tunasikitika.

Leo

Bwana wetu alifundisha katika Mathayo 5:23-24 kwamba mtu akiwa madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kwamba nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende kwanza apatane naye, ndipo arudi aitoe. Sisi wanakwaya sadaka yetu ni wimbo. Kwa miaka minane hatukuiacha madhabahuni, tuliendelea kuitoa.

Kwa hiyo kamati imekubaliana jambo moja juu ya ibada ya leo. Wimbo wa mwisho katika ratiba hautaimbwa na kwaya peke yake. Yeyote aliyewahi kuimba nasi, hata kwa mwaka mmoja, hata kama aliondoka kwa uchungu, anaombwa aje mbele asimame katika sauti yake. Sare si lazima. Tumeacha nafasi makusudi, hasa upande wa besi.

Na kama kuna aliyeketi hapa akikumbuka jina la rafiki aliyeachana naye, asingoje mwaka wa hamsini. Alitaje kosa lake mwenyewe kwa jina, aende au aandike, kisha ampe mwenzake muda wake. Whitefield alingoja. Mwalimu wetu alingoja miezi saba.

Tunawashukuru wazee wetu wawili kwa kuturuhusu kuijaza ile miaka iliyobaki mitupu. Mungu awabariki, na Mungu aibariki kwaya hii miaka 50 mingine.

Kwa niaba ya kwaya,
Katibu